Milango ya Mshazari

Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa kiatu. Akala, zile za kukatwa kwa tairi, na ndani yake mifupa ya mguu imelala kama mwenyewe alivyokivaa siku ya mwisho.

Vijana wa mtaimbo walirudi nyuma wote pamoja. Msimamizi wao, Joram Githongo, mwanamume wa miaka arobaini hivi, aliwaambia wasiguse kitu kingine, akapiga simu. Saa nne asubuhi gari la polisi kutoka Kitengela lilikuwa linapanda kilima.

Aliyeshuka kwanza ni Inspekta Waceke, mama wa miaka hamsini, mzito wa magoti, mwepesi wa macho. Nyuma yake konstebo Meitamei, kijana mrefu wa hapo hapo, ambaye boma la kwao liko ng'ambo ya kilima hicho.

Hoteli iliyokuwa kilimani hapo watu wa Kitengela waliiita Hoteli ya Ngazi. Ilijengwa mwaka wa sabini na tano na Mzungu mmoja aliyekataa kusawazisha kilima. Vyumba vikashuka pamoja na mteremko, paa la hiki ndilo baraza la kile, saruji tupu bila rangi kutoka kileleni mpaka bondeni. Hata milango ilifuata kilima. Juu ilikatwa mshazari, upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi. Mawaziri walicheza dansi pale. Halafu kisima kikakauka, tajiri mwenye hoteli akafa, watoto wake wakapelekana kortini, na mwaka wa themanini na tatu ikafungwa. Miaka arobaini ikawa ya nyani, ya mbuzi, na ya maharusi wanaotaka picha. Sasa kampuni mpya ilikuwa inaifufua, kila kitu kirudi kama Mzungu alivyokichora.

Mwenye michoro alikuwa binti mmoja, msanifu, anaitwa Ciku. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, rangi imemtoka.

"Hii ukuta haiko kwa mchoro, madam," alimwambia Waceke.

Akaeleza polepole. Kutoka vyumba vya juu kulikuwa na shimo la kutupia mashuka machafu, pana kiasi cha mtu kupita. Wahudumu wanatupa huko juu, mashuka yanateleza ndani ya kilima mpaka chumba cha dobi huku chini. Mdomo wa chini wa shimo hilo ulikuwa umezibwa kwa mawe ya Kitengela, yale ya kuchongwa kwa mkono. Katika hoteli nzima ya saruji, mawe yalikuwa hapo tu.

Walikuwa wamekatazwa kuugusa ukuta huo. Aliyewakataza ni baba yake Joram, Mzee Githongo wa Gataka, ambaye zamani alikuwa fundi wa hoteli hiyo. Kampuni ilimtafuta kwa sababu ndiye pekee aliyebaki anayejua mabomba yanapita wapi. Mara tatu aliwaambia, ukuta huo uacheni, ndio umeshika mlima. Leo mzee alikuwa nyumbani na kifua. Ciku akasema mlima haushikwi na mawe thelathini. Wakabomoa.

Waceke akapiga magoti yake mabovu, akamulika.

Nyuma ya mawe kulikuwa na mlango wa mbao, umekwama mdomoni mwa shimo kama kizibo. Juu yake mshazari. Kibati cha shaba kilikuwa bado kimepigiliwa: 27. Mguu wenye akala ulikuwa umetokeza chini ya mlango; mtu mwenyewe alikuwa nyuma yake.

Watu wa kukusanya ushahidi walimtoa kidogo kidogo mpaka saa nane. Mkanda wa ngozi. Vifungo. Kibati cha mlinzi, nambari nne. Mfupa wa paja la kushoto ulikuwa umevunjika. Meno mawili ya mbele yalichongwa, kama Wakamba wa zamani walivyochonga. Na katikati ya meno hayo, filimbi ya chuma.

Meitamei aliiona filimbi akaenda kusimama mbali na kutazama bonde.

 Waceke hakuhitaji kumuuliza mtu mlinzi wa Hoteli ya Ngazi alikuwa nani. Kitengela nzima ilimjua. Mtu akikimbia familia yake mpaka leo watu husema ameenda Namanga kama Masila. Tena kulikuwa na wimbo, watoto wa shule waliuimba wakiruka kamba:

Masila wa filimbi, amedandia lori,
ameshuka Namanga, mke hana habari.

Waceke aliuimba. Alikuwa darasa la tatu, na sauti yake ilikuwa nzuri.

*

Mkewe Masila, Kamene, alikuwa bado hai, amekaribia themanini na tano, akikaa na binti yake Mbeke karibu na machimbo ya mawe. Mbeke alikuwa na kibanda cha kupikia wachimbaji githeri na chai. Waceke alipofika alikuta sufuria kubwa motoni na Mbeke amejifunga leso kiunoni.

Walitazamana.

"Wewe ni Waceke wa mwenye duka," Mbeke alisema. "Ulikuwa mbele yangu kwa laini. Ulikuwa unaanzisha, wengine wanaitikia."

Waceke alitaka kusema walikuwa watoto. Akaona aibu kulisema.

"Umeniletea nini leo? Wimbo mwingine?"

"Nimeleta swali, Mbeke. Baba yako alikuwa na meno ya kuchongwa?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

Akaambiwa yote yaliyokuwa ya kuambiwa. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mtu aliyepatikana alikuwa amezibwa na mtu au alijizika mwenyewe, na Waceke akamjibu kwamba hakuna mtu anayejijengea ukuta kwa nje. Mbeke akakaa chini juu ya debe.

Alisema yeye alikuwa na miaka tisa. Baba alienda kazini Jumamosi, hakurudi. Baada ya siku nne rafiki yake akaja kumwambia mama asingoje. Alikuwa amemwona kwa macho yake akipanda lori la kwenda Namanga na mwanamke wa leso ya njano. Mama alichukua nguo zote za baba, akazichoma nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa nyumbani.

"Hata mimi sikulitaja," Mbeke alisema. "Mtoto wangu wa pili alikuwa achukue jina la babu mzaa mama, si unajua kwetu. Nikakataa. Nilisema siwezi kumwita mtoto jina la kuimbiwa."

"Huyo rafiki aliyemwona kwa lori ni nani?"

"Mzee Githongo. Fundi. Huyo ndiye ametulea. Jiko la mama ndiye alijenga. Paa likivuja anakuja kabla hajaitwa. Mimi humwita baba."

Waceke aliandika jina hilo bila kuinua kichwa.

Kamene alikuwa ndani, macho yake yameingia ukungu. Mtaalamu wa maabara waliyekuja naye alimpitishia Mbeke pamba ndani ya shavu kwa ajili ya vinasaba, na bibi akauliza ni chanjo ya nini. Siku hiyo hakuambiwa.

Ndani ya gari, kabla ya kuwasha, Meitamei alisema ana jambo. Alilisema akitazama usukani.

"Afande, kwetu wanajua hiyo filimbi."

"Wanajuaje?"

"Bibi yangu alituambia. Walikuwa wanachunga chini ya hoteli, wakasikia filimbi ndani ya mlima. Mchana kabisa. Inalia, inanyamaza, inalia. Wazee wakasema ni shetani wa ile nyumba ya Wazungu. Wakahamisha ng'ombe."

"Ililia muda gani?"

"Siku mbili. Ya tatu haikulia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Bibi alikuwa anatuambia kama hadithi ya kutisha watoto. Na tulikuwa tunacheka."

Waceke aliwasha gari mwenyewe, kutoka upande wa abiria, kwa kunyoosha mkono. Kijana hakuweza.

*

Ripoti ya daktari wa uchunguzi wa maiti ilikuja wiki ya pili. Vinasaba vililingana: mtu wa shimoni alikuwa baba yake Mbeke. Alianguka kutoka juu, paja likavunjika, lakini kuanguka hakukumuua. Fuvu lilikuwa zima. Aliishi chini pale siku moja au zaidi, akafa kwa kiu na kwa jeraha.

Waceke akaenda Gataka.

Nyumba ya Mzee Githongo ilikuwa safi, ya mawe, na maua kwenye madebe. Mzee wa miaka sabini, koti limefungwa vifungo vyote, mzee wa kanisa miaka thelathini. Alimkaribisha kwa Kikuyu, akaagiza chai. Lakini Waceke alikuwa bado amesimama kizingitini, akitazama mlango.

Ulikuwa mlango wa mbao nzito, umepakwa vanishi mara nyingi, juu umekatwa mshazari. Pembe iliyobaki wazi ilikuwa imezibwa kwa kipande cha mbao nyembamba cha pembetatu. Chini ya vanishi palikuwa na alama ya kibati kilichong'olewa, mraba mweusi, na ukiangalia kwa upande ungesoma: 24.

"Mlango mzuri, mzee."

"Wa zamani huo. Siku hizi mbao ni karatasi."

"Umetoka Hoteli ya Ngazi?"

"Kila mtu amebeba kitu pale, mwanangu. Ukitaka kukamata, anza na vyoo vya Kitengela. Utapata masinki ya mawaziri."

Waceke aliomba choo. Alipitia ndani polepole. Chumba cha kwanza, 21. Cha pili, 22. Jikoni, 23. Vyumba vya nyuma, 25 na 26. Nyumba nzima ilikuwa na milango sita, yote ya mshazari, yote na pembetatu yake. Aliporudi chai ilikuwa imemiminwa.

"Ule ukuta wa chumba cha dobi, mzee. Nani aliujenga?"

"Mimi na wenzangu. Mwaka wa sabini na nane. Mlima ulikuwa unasukuma."

"Hoteli ikiwa na wageni?"

"Ndiyo."

"Mashuka machafu yakawa yanapita wapi?"

Mzee alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari bado.

"Nimezeeka. Labda ni mwaka mwingine."

Waceke alimwonyesha picha. Mawakili walipiga picha kila chumba siku ile hoteli ilipofungwa, na Ciku alikuwa nazo zote. Chumba cha dobi, mwaka wa themanini na tatu, mdomo wa shimo uko wazi, hakuna hata jiwe.

"Basi ulijengwa baadaye," mzee alisema.

"Na nani?"

"Sijui."

"Masila ulimwona akipanda lori?"

"Nilimwona."

"Na mwanamke wa leso ya njano."

"Kama nilisema njano, ilikuwa njano."

Waceke alikunywa chai yake mpaka chini, kwa heshima, akaaga. Alijua amedanganywa, lakini uongo kuhusu ukuta si mauaji, na milango iliyoibwa haizungumzi. Wakili yeyote wa Kajiado angesema watu mia walibeba milango pale, na mlango wa ishirini na saba ungeweza kuangushwa na yeyote. Hilo Waceke alikuwa akilijua akishuka ngazi za baraza.

*

Kesho yake Joram alikuja kituoni kuandikisha taarifa kama mtu aliyegundua mwili. Ilikuwa kazi ya kawaida ya nusu saa. Waceke aliifanya mwenyewe kwa sababu hakuwa na la kufanya jingine.

"Jina kamili?"

"Joram Githongo."

"Kitambulisho."

Akakitoa. Waceke akaanza kunakili, kalamu ikasimama. Akakisogeza karibu na dirisha.

Joram Masila Githongo.

"Hili la katikati?"

"La nyumbani, madam. Silitumii. Baba tu ndiye huniita hilo."

"Mama yako ni Mkamba?"

"Hapana. Kwetu ni Murang'a, pande zote."

"Kwa baba yako wewe ni wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Babu yako, mzaa baba, aliitwa nani?"

"Gakuru."

"Na Gakuru wa nyumba yenu ni nani?"

"Ni ndugu yangu. Ananifuata."

Waceke akaweka kalamu chini. Yeye mwenyewe alikuwa na jina la nyanya yake mzaa baba, na mwanawe wa kwanza jina la baba mkwe, na hakuna siku mtu aliketi kulijadili. Mtoto wa kiume wa kwanza ni babu amerudi. Hata ukiwa umegombana na baba yako mpaka hamsalimiani, jina hilo unampa. Kumruka ni kama kumwambia hakuzaa.

"Babu yako alisemaje?"

"Hakukanyaga kwetu mpaka Gakuru alipozaliwa. Mama aliniambia. Walikosana sana."

"Ulizaliwa lini?"

"Mwezi wa nane, themanini na nne."

Masila alipotea mwezi wa tatu mwaka huo. Mwezi wa nane wimbo ulikuwa umekomaa. Waceke alikumbuka vumbi la uwanja wa shule na kamba ikipiga chini. Wakati huo huo, jina ambalo watoto walikuwa wakilitemea mate, mwanamume mmoja wa Gataka alimruka baba yake akampa mwanawe wa kwanza.

"Uliwahi kumuuliza sababu?"

Joram alifikiri. Alikuwa mtu mpole, hakujua anachokifungua.

"Nikiwa mdogo. Alisema ni jina la rafiki yake aliyekufa."

"Aliyekufa? Alisema hivyo?"

"Ndiyo. Aliyekufa."

Waceke alimwomba alirudie neno hilo, akaliandika, akamwambia atie sahihi. Joram alipokuwa akitia sahihi alianza kuelewa.  Herufi za mwisho hazikusomeka.

*

Mzee Githongo hakukimbia. Meitamei alimkuta barazani amevaa koti lake, kana kwamba anangoja gari la kanisa.

Waceke alimsomea haki zake. Ana haki ya kunyamaza. Akitaka kukiri, mpelelezi hawezi kuandika maneno yake, kwa hiyo ameitwa Inspekta Mkuu Obonyo kutoka Kajiado aje aandike. Na sheria inataka mshukiwa awe na mtu wake chumbani, aliyemchagua mwenyewe, wa kushuhudia kwamba hakulazimishwa. Wengine huchagua mke. Wengine mchungaji.

"Nataka Mbeke wa Masila," mzee alisema.

Waceke alimwambia hilo ni jambo baya. Mzee akasema anajua. Mbeke akaulizwa kwa simu, na kila mtu alitumaini atakataa. Alikuja na leso yake kiunoni, harufu ya moshi wa kuni bado iko naye, akavuta kiti akakaa upande wa mzee kama sheria ilivyotaka. Obonyo akafungua karatasi. Waceke akakaa kando ya mlango. Kisheria hakuwa na neno la kusema, na alishukuru.

"Nilikuwa na mke mwenye mimba na nyumba isiyo na milango," Githongo alianza.

Alieleza bila kukimbia. Hoteli imefungwa, na Masila anailinda peke yake. Githongo bado alikuwa na funguo za fundi. Jumamosi mchana, akijua Masila yuko upande wa lango, aling'oa milango ya vyumba vya juu akawa anaiteremsha kwa shimo la mashuka. Inateleza yenyewe mpaka chini, ambako alikuwa amefunga punda na mkokoteni. Alikuwa ameteremsha na kupakia sita. Wa saba alikuwa ameushika mikononi Masila alipotokea.

"Alikutisha?" Obonyo aliuliza.

"Angenitisha ningekuwa mtu leo. Alicheka. Akasema, 'Githongo, si ungeniambia nikusaidie kubeba.' Halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka. Akasema, 'Irudishe pole pole. Mimi sijaona kitu.'"

"Alikuwa rafiki yako."

"Tulikula sahani moja. Na nilikuwa naimba kwaya, nimeahidiwa kusimikwa shemasi. Nikaona kila siku maisha yangu yote mtu huyu atanisalimia vizuri, na mimi nitajua anajua. Alinihurumia, afande. Hiyo ndiyo sikuweza. Mlango ulikuwa katikati yetu, mimi nimeshika upande mrefu, yeye mfupi. Shimo lilikuwa wazi nyuma yake. Nikasukuma."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aache kuniangalia."

Mlango ulimfuata shimoni, ukateleza kumpita, ukakwama mdomoni kule chini, yeye akabaki nyuma yake na paja limevunjika. Githongo aliteremka mbio mpaka chumba cha dobi. Akamsikia anapumua. Akaondoa punda akaenda zake.

Obonyo alikuwa akiandika. Sauti iliyouliza swali lililofuata haikuwa yake.

"Ulirudi lini?" Mbeke aliuliza.

Mzee hakumtazama.

"Jumapili. Baada ya kanisa."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa anapiga filimbi. Aliposikia viatu vyangu akaacha. Alinijua kwa mwendo. Akasema, 'Githongo, lete kamba.'"

"Ukaleta?"

Nje gari la mawe lilipita likitikisa dirisha. Wote walingoja lipite.

"Nilileta mawe," mzee alisema. "Sikujenga akiongea. Nilikaa juu ya mawe hayo nikingoja anyamaze. Kama ningemtoa, angeletwa sokoni kwa machela, na watu wangeuliza ameangukaje, na milango ilikuwa barazani kwangu imefunikwa na gunia. Ni hiyo tu. Nimetafuta sababu nyingine kubwa kuliko hiyo miaka arobaini na moja. Hakuna. Jumatatu jioni filimbi ikanyamaza, nikajenga."

"Na leso ya njano?"

"Ilikuwa ya mke wangu. Ilikuwa kwenye kamba, imeanikwa, siku niliyokuja kwenu. Nikaitumia."

Mbeke alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei.

"Jiko la mama ulijenga. Paa uliziba. Hayo nimeelewa. Kwa nini jina?"

Hapo ndipo mzee alipovunjika. Alifungua kifungo cha juu cha koti.

"Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume. Nikasema nikimwita mtoto Masila, nikiliita kila asubuhi nyumbani kwangu, atakuwa amerudi mahali. Baba yangu alilia mbele yangu. Hata sikumwambia sababu."

"Lilikuwa jina la kwetu hilo," Mbeke alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanangu alizaliwa nikaona aibu kumpa jina la baba yangu. Wewe ulikuwepo siku ya kumpa jina, uliketi mkeka mmoja na mama. Ulinisikia nikilikataa. Ukaniambia, 'Sawa, mwanangu, mwite utakavyo.'"

Mzee Githongo alifunika uso. Obonyo aligeuza karatasi, akamwonyesha Mbeke mahali pa kutia sahihi kama shahidi kwamba maneno hayo yametolewa kwa hiari. Akatia sahihi. Hakumwita baba tena.

*

Korti ya Kajiado ilimweka rumande kwa shitaka la mauaji. Mabaki yakaruhusiwa kuzikwa.

Siku moja kabla ya mazishi Waceke alienda machimboni bila sare. Wachimbaji walikuwa wamefunga turubai, wanawake wanachambua mchele. Kamene alikuwa ameambiwa. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko alilojengewa, na tangu aambiwe alikuwa amekataa kupikiwa ndani yake.

Alikuwa akirudia jambo moja. Mtu azikwe na nguo yake. Sasa yeye alichoma zote, hata kofia. Alisimama akazitazama zikiungua, akitoa maneno ambayo hawezi kuyasema tena. Atamfunika na nini?

Mbeke alisema watanunua suti. Bibi akakataa. Ya dukani haijui mtu.

Joram alikuja mchana kabisa, akitembea, gari ameliacha barabarani. Wanawake waliacha kuchambua mchele. Alikuwa amekunja koti mkononi, lake mwenyewe, la kijivu, la kuendea kanisani. Akasimama mbali na kigoda kama mtu anayesubiri mbwa afungwe.

"Huyo ni nani?" Kamene aliuliza, maana hakuona.

 Joram alifungua mdomo mara mbili. Waceke alidhani atasema Joram.

"Ni Masila," akasema. "Masila wa Githongo. Nimesikia hakuna nguo."

Mbeke alisimama akaingia ndani.  Kamene alinyoosha mikono yote miwili, na koti likawekwa juu yake. Alilipapasa kola, akalipapasa mabega, akahesabu vifungo kwa kidole. Akapima mkono wa koti kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kwapa mpaka kiganja.

"Ni refu," alisema. "Yeye alikuwa mfupi. Mbeke, mwanangu, lete sindano."

Sindano ililetwa. Mbeke aliitoa mlangoni bila kutoka nje, na ni Waceke aliyeipokea. Bibi hakuweza kuona tundu. Waceke akapiga magoti karibu na kigoda, akalainisha uzi mdomoni, akakosa, akakosa tena. 

"Pole pole," Kamene alimwambia. "Wewe ni nani?"

"Ni Waceke, mama. Wa mwenye duka."

"Yule wa sauti nzuri."

"Ndiyo, mama."

Uzi ukapita. Waceke akamwekea sindano katikati ya vidole, na bibi akainama juu ya koti la kijivu, akaanza kulikunja mikono.